Sindano ya Seftriaksoni: Mambo Ambayo Mgonjwa na Ndugu Zake Wanapaswa Kuyajua

Katika wodi nyingi za hospitali zetu, na siku hizi hata katika zahanati ndogo za mitaani, kuna kichupa cha kioo chenye unga mweupe au wa manjano hafifu, kizibo cha mpira na kofia ndogo ya plastiki. Ndani yake mna seftriaksoni. Hii ni antibiotiki inayotolewa kwa sindano pekee, kwa kuwa utumbo hauwezi kuifyonza ikimezwa. Imeokoa watu wengi ambao bila hiyo wangefariki kwa homa ya uti wa mgongo, nimonia kali au maambukizi yaliyoingia katika damu. Kwa sababu hiyo hiyo imepata sifa mitaani ya kuwa "sindano kali" inayomaliza kila homa. Sifa hiyo imewaingiza baadhi ya watu katika hatari ambayo hawakuitarajia.

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mgonjwa, mzazi na ndugu anayekaa kando ya kitanda. Halikusudii kumfundisha mtu kujichoma sindano wala kumchoma mwenzake. Vipimo vilivyotajwa humu vimewekwa ili msomaji aelewe kinachofanyika mbele yake na aweze kuuliza pale anapoona jambo lisilo la kawaida.

Dawa hii ni ya ugonjwa gani

Seftriaksoni ni ya ukoo wa dawa uitwao sefalosporini. Ukoo huo ulitokana na ukungu uliogunduliwa mwaka 1945 na Giuseppe Brotzu huko Cagliari, katika kisiwa cha Sardinia nchini Italia, karibu na mahali ambapo maji machafu ya mji yalikuwa yakimwagika baharini. Aliona kwamba ukungu huo unatoa kitu kinachozuia bakteria wa homa ya matumbo wasikue. Wanasayansi wengine waliendeleza kazi hiyo kwa miaka mingi, na seftriaksoni yenyewe ikaanza kutumika hospitalini katika miaka ya 1980.

Dawa hii humzuia bakteria asijenge ukuta wake wa nje, naye hufa. Sifa yake ya pekee ni kwamba hukaa mwilini muda mrefu: kwa mtu mzima mwenye afya, nusu ya dawa huwa imetoka baada ya takriban saa 8. Ndiyo maana kwa magonjwa mengi hutolewa mara moja tu kwa siku, gramu 1 au 2 kwa mtu mzima, ilhali penisilini ya sindano hurudiwa kila baada ya saa chache. Katika homa ya uti wa mgongo dozi huongezwa, kwa kawaida hadi gramu 2 kila baada ya saa 12, ili dawa ya kutosha ifike katika maji yanayozunguka ubongo.

Urahisi huo wa sindano moja kwa siku umeipa dawa hii marafiki wengi, wakiwemo wasiostahili kuwa marafiki zake. Seftriaksoni haiui virusi. Haiponyi mafua, wala vidonda vingi vya koo, wala kikohozi cha kawaida. Haiui vimelea vya malaria. Mgonjwa wa malaria kali anahitaji sindano ya atesuneti, na iwapo daktari ataongeza seftriaksoni ni kwa sababu anahofia kuwa kuna bakteria pia, jambo linalotokea hasa kwa mtoto aliyepoteza fahamu.

Kuhusu homa ya matumbo, ambayo wengi wetu huiita taifodi, inafaa tuseme wazi. Wagonjwa wengi huandikiwa seftriaksoni kwa kutegemea kipimo cha Widal peke yake. Kipimo hicho huweza kuonyesha kuwa mtu ana taifodi hali hana, kwa sababu aliwahi kuugua zamani au kwa sababu mwili wake unapambana na maambukizi mengine. Kipimo kinachoaminika zaidi ni kuotesha damu katika maabara, kabla dawa haijaanza. Si kila kituo kina uwezo huo, na si kila mgonjwa anaweza kusubiri, lakini mgonjwa ana haki ya kumuuliza daktari: "Umejuaje kuwa ni taifodi, na je, hakuna vidonge vinavyofaa?"

Mambo ya kusema kabla ya kuchomwa

Mtoa huduma anapaswa kukuuliza. Asipouliza, sema mwenyewe bila kuona haya.

La kwanza ni mzio. Eleza kama umewahi kupata tatizo baada ya kutumia penisilini, amoksilini, ampiklosi, sefaleksini au dawa nyingine yoyote, na ueleze tatizo lenyewe lilikuwaje. Maelezo haya ndiyo yenye thamani. Mtu aliyeharisha baada ya kumeza amoksilini hana mzio, ameharisha tu. Mtu aliyepata vipele vidogo siku ya tano, utotoni, yuko katika hatari ndogo, na mara nyingi anaweza kupewa seftriaksoni chini ya uangalizi. Lakini mtu aliyevimba midomo na ulimi, aliyebanwa na pumzi, aliyezimia ndani ya dakika chache, au ambaye ngozi yake ilibabuka, lazima habari hiyo iandikwe kwenye faili lake, na daktari aamue upya. Aliyewahi kupata mzio mkali kwa dawa yoyote ya ukoo wa sefalosporini hatakiwi kupewa dawa hii.

Taja pia ugonjwa wa ini na wa figo. Kwa mtu ambaye figo zake zimedhoofika sana, dawa inaweza kurundikana mwilini na kumletea kuchanganyikiwa au degedege. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, aseme, kwa kuwa anaweza kuhitaji kupimwa damu mara kwa mara zaidi katika siku za matibabu. Mjamzito na mama anayenyonyesha nao waseme. Dawa hii hutumika kwao inapohitajika, lakini uamuzi huo haupaswi kufanywa bila mtoa huduma kujua.

Mzazi wa mtoto mwenye selimundu ana jambo la ziada la kukumbuka, nalo tutalieleza mbele.

Kichupa, maji na ganzi

Kabla unga haujachanganywa, omba uonyeshwe kichupa. Hilo si kosa wala si dharau kwa muuguzi. Soma jina la dawa, uzito wake, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kichupa ambacho kofia yake imeshafunguka, ambacho lebo yake inabanduka au ina maandishi yenye makosa ya tahajia, au ambacho unga wake umeganda kama jiwe, kisitumike. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, takriban dawa moja kati ya kumi ni duni au bandia. Antibiotiki na dawa za malaria ndizo zilizoripotiwa zaidi.

Mtoto apimwe uzito siku hiyo hiyo. Dozi yake huhesabiwa kwa kilo, na kukisia kwa macho hakutoshi. Tuseme mtoto ana kilo 10 na daktari ameandika miligramu 80 kwa kila kilo: anastahili miligramu 800, si kichupa kizima cha gramu 1. Kama unga wa gramu 1 umechanganywa kupata mililita 10, anachomwa mililita 8 na zinazobaki humwagwa. Mzazi akisikia muuguzi akisema hesabu hiyo kwa sauti, asikilize. Akiona bomba zima linaingia, aulize.

Sasa tufike kwenye kosa ambalo linaweza kuua kwa dakika chache, na ambalo huanzia kwenye boksi lenyewe. Seftriaksoni huchomwa kwa njia mbili, kwenye mshipa au kwenye msuli. Sindano ya msuli inauma sana, na kwa hiyo unga wake huweza kuchanganywa na dawa ya ganzi iitwayo lignokaini, yenye nguvu ya asilimia 1. Baadhi ya watengenezaji huweka ndani ya boksi kichupa kidogo cha maji ya sindano. Wengine huweka cha lignokaini. Vyote viwili vina kimiminika kisicho na rangi. Mchanganyiko wenye lignokaini kamwe usiingizwe kwenye mshipa. Ganzi ikiingia moja kwa moja katika damu inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuleta degedege. Anayechoma kwa mazoea, akiwa amezoea boksi la kampuni moja, siku moja hupokea boksi la kampuni nyingine na mikono yake ikafanya ilichozoea kufanya. Ndugu wa mgonjwa anaweza kuuliza swali moja fupi: "Hii imechanganywa na nini?" Jibu likiwa lignokaini, sindano hiyo ni ya msuli tu.

Dawa iliyochanganywa vizuri ni angavu, haina chembe, na rangi yake ni kati ya manjano hafifu na rangi ya asali. Rangi hiyo isikutie hofu. Kinachopaswa kutia hofu ni ukungu mweupe au chembe zinazoelea. Kwenye mshipa, dawa husukumwa polepole, dakika 2 hadi 4, au huwekwa katika dripu kwa muda usiopungua nusu saa. Kwenye msuli huingizwa ndani sana, na haishauriwi kuingiza zaidi ya gramu 1 mahali pamoja. Sindano ya takoni ikichomwa pasipostahili inaweza kuugusa mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni, na mtoto akabaki akichechemea. Bomba na sindano viwe vipya, vifunguliwe mbele yako, na baada ya kazi vitupwe kwenye boksi maalumu la usalama.

Hapa ndipo tunapolazimika kuzungumzia sindano ya nyumbani. Inajulikana kwamba watu hununua kichupa dukani bila cheti cha daktari, kisha humwita jirani anayejua kuchoma. Huyo jirani anaweza kuwa na mkono mwepesi kweli kweli. Ila nyumbani hakuna adrenalini, hakuna oksijeni, na hakuna faili linaloeleza kwamba mgonjwa aliwahi kuvimba midomo miaka sita iliyopita. Seftriaksoni ni dawa ya cheti. Duka linaloiuza bila cheti linavunja utaratibu, na mnunuzi naye anajinyima ulinzi uliowekwa kwa ajili yake.

Mtoto mchanga

Sehemu hii tunaomba isomwe na kila mzazi mtarajiwa, na kila bibi na shangazi anayekuja kumsaidia mzazi.

Mtoto aliye chini ya siku 28 si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Seftriaksoni inaweza kumdhuru kwa njia mbili ambazo hazimsumbui mkubwa. Njia ya kwanza ni umanjano. Watoto wachanga wengi hupata macho na ngozi ya manjano katika siku za kwanza, kwa sababu ya kitu kiitwacho bilirubini ambacho ini lao changa bado linajifunza kukiondoa. Bilirubini hiyo hubebwa katika damu ikiwa imeshikamana na protini, na ikiwa imeshikamana hivyo haiingii kwenye ubongo kwa urahisi. Seftriaksoni hukalia mahali pale pale kwenye protini na kuisukuma bilirubini nje. Ikiachwa huru, bilirubini huweza kupenya hadi kwenye ubongo wa mtoto na kuuharibu. Mtoto mchanga mwenye umanjano, na mtoto njiti, hawapewi dawa hii.

Njia ya pili ni madini ya kalsiamu. Seftriaksoni ikikutana na kalsiamu hufanya chembe ngumu nyeupe. Ndani ya chupa utaziona. Ndani ya damu ya mtoto hutaziona. Wapo watoto wachanga waliofariki baada ya kupewa seftriaksoni na maji yenye kalsiamu, na chembe hizo zikakutwa katika mapafu na figo zao. Katika baadhi ya matukio hayo dawa na maji vilikuwa vimepitishwa katika mipira tofauti na kwa nyakati tofauti. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari mwaka 2007, na mwaka 2009 ikaifafanua: kwa mtoto wa hadi siku 28 anayehitaji maji ya mshipa yenye kalsiamu, seftriaksoni isitumike kabisa; kwa waliozidi umri huo, viwili hivyo vinaweza kutolewa kimoja baada ya kingine, ilimradi mpira usafishwe vizuri katikati kwa maji yanayokubaliana na dawa.

Maji yenye kalsiamu si kitu cha nadra. Chupa iliyoandikwa Ringer Lactate, ambayo wauguzi huiita RL, ina kalsiamu, na hutundikwa kila siku kwa wagonjwa walioishiwa maji mwilini. Maji ya Hartmann nayo vivyo hivyo. Maji ya chumvi ya asilimia 0.9 na maji ya sukari ya asilimia 5 hayana. Kwa hiyo hata mgonjwa mtu mzima hapaswi kuwekewa seftriaksoni ndani ya chupa ya RL, wala kuichoma kwenye mpira huku RL ikiendelea kushuka. Ndugu anayeketi pale akiona chupa hiyo inatiririka na muuguzi anakuja na bomba la seftriaksoni, aseme, kwa adabu: "Samahani dada, hii ni RL, tusubiri?" Muuguzi mwenye wagonjwa arobaini usiku mmoja anaweza kushukuru kwa kukumbushwa.

Haya yote hayana maana kwamba mtoto mchanga mwenye maambukizi akae bila tiba. Maambukizi ya damu kwa kichanga huua kwa haraka kuliko dawa yoyote. Mtoto asiyenyonya, aliyelegea, mwenye joto kali au mwenye mwili wa baridi apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, mchana au usiku. Huko kwa kawaida huanzishiwa ampisilini pamoja na jentamaisini, na ipo pia sefotaksimu, ndugu wa seftriaksoni asiyekuwa na matatizo haya mawili.

Baada ya sindano

Usiondoke mara moja. Mzio mkali hutokea zaidi katika dakika chache za mwanzo, hivyo kaa kituoni angalau nusu saa. Kuwashwa mwili mzima, kuvimba uso au midomo, sauti kukwaruza, kifua kubana, kizunguzungu au kutapika ghafla ni sababu ya kuita msaada kwa sauti kubwa. Mgonjwa alazwe chali na miguu iinuliwe. Anayehema kwa shida aachwe akae anavyoweza kupumua. Tiba ya kwanza ni adrenalini kwenye msuli wa paja. Dawa za kuzuia kuwashwa hazichukui nafasi yake.

Maumivu mahali palipochomwa, kuharisha kidogo na vipele vyepesi hutokea na mara nyingi hupita. Kuna mambo matatu, hata hivyo, ambayo hayapaswi kuvumiliwa nyumbani.

Kuharisha sana, hasa kinyesi kikiwa na damu au kamasi na tumbo likinyonga, kunaweza kuwa kazi ya bakteria aliyepata nafasi baada ya wenzake wasio na madhara kuuawa na dawa. Hali hii huweza kuanza wiki kadhaa baada ya sindano ya mwisho, wakati mgonjwa ameshasahau kuwa alichomwa. Usinywe dawa ya kufunga kuharisha kabla hujamwona daktari, na umweleze kuhusu sindano hizo.

Maumivu upande wa kulia wa tumbo, chini ya mbavu, yanaweza kutokana na chembe za dawa na kalsiamu zilizotuama kwenye kifuko cha nyongo. Kwenye picha ya mawimbi ya sauti zinafanana na mawe, na wapo wagonjwa walioogopeshwa na upasuaji usiohitajika. Kwa kawaida chembe hizo huyeyuka zenyewe dawa ikisimamishwa.

La tatu ni nadra lakini ni la hatari kuliko yote: mwili kuanza kuvunja chembe nyekundu zake za damu. Mgonjwa hupauka ghafla, mkojo unakuwa na rangi ya chai ya rangi au kola, macho yanageuka manjano, pumzi inakuwa fupi. Huweza kutokea muda mfupi baada ya dozi, hasa kwa mtu aliyewahi kupewa dawa hii siku za nyuma. Vifo vimeripotiwa kitabibu kwa watoto wenye selimundu, ambao huchomwa seftriaksoni mara kwa mara kwa sababu maambukizi kwao ni hatari. Mzazi wa mtoto wa aina hiyo asikatae sindano inapohitajika. Ajue dalili hizi, aangalie rangi ya mkojo, na akiiona imebadilika amrudishe mtoto hospitali bila kusubiri dozi ya kesho. Dawa hiyo haitarudiwa tena kwake, na sababu iandikwe kwenye kadi yake ya kliniki.

Siku ngapi, na kwa nini si kila mara

Idadi ya siku hutegemea ugonjwa. Kisonono kisicho na matatizo hutibiwa kwa sindano moja ya msuli, na kabla ya upasuaji hutolewa dozi moja tu; homa ya uti wa mgongo huhitaji siku nyingi zaidi. Mgonjwa aliyepata nafuu, ambaye homa imeshuka na anakula, mara nyingi anaweza kubadilishiwa vidonge na kuruhusiwa kwenda nyumbani. Kubadilishiwa hivyo si kupunguziwa huduma. Kila siku anayoondolewa mpira mkononi ni siku moja pungufu ya kupata maambukizi kupitia tundu la mpira huo. Asiache dozi katikati kwa uamuzi wake, wala asidai iongezwe.

Shirika la Afya Duniani limeziweka antibiotiki katika makundi matatu tangu mwaka 2017: za kutumika kwanza, za kuangaliwa kwa makini, na za akiba. Seftriaksoni iko katika kundi la pili. Sababu yake ni bakteria wa utumbo na wa njia ya mkojo, kama *E. coli* na *Klebsiella*, ambao wamejifunza kutengeneza vimeng'enya vinavyoivunja dawa hii na karibu ndugu zake wote kabla haijawafikia. Bakteria wa aina hiyo wameshapatikana katika hospitali za Afrika Mashariki. Mgonjwa aliyeambukizwa na bakteria hao huchomwa seftriaksoni siku tatu, nne, na homa haishuki; tiba inayobaki ni dawa za ghali zaidi, ambazo mara nyingi hazipo katika hospitali ya wilaya. Kila sindano inayochomwa kwa ajili ya mafua huwapa bakteria hao darasa jingine. Mama aliyejifungua kwa upasuaji na kupata maambukizi ya kidonda ndiye anayekuja kulipa ada ya darasa hilo.

Ukipata madhara unayohisi yametokana na sindano, au ukitilia shaka dawa uliyouziwa, mweleze mtoa huduma ajaze fomu ya njano ya taarifa za madhara ya dawa, au utoe taarifa mwenyewe katika ofisi ya Mamlaka iliyo karibu nawe. Huhitaji kuwa na uhakika kwamba dawa ndiyo iliyosababisha. Kazi ya kuchunguza ni yetu. Tunza kichupa kitupu na boksi lake, kwa kuwa namba ya toleo iliyochapishwa pale hutuwezesha kuwatafuta wengine waliopata dawa ya toleo hilo hilo. Sindano iliyotumika usiihifadhi pamoja na kichupa. Mwachie muuguzi aitupe.